Mwalimu Aliyeruka Ukurasa Mmoja

Wanafunzi kumi na wanne tulikosa swali moja, kwa jibu moja, karibu neno kwa neno. Waliosahihisha mtihani waliona karatasi kumi na nne zenye sentensi ile ile isiyo sahihi, wakafikiri kama ambavyo mtu yeyote angefikiri: hawa wameibiana. Hatukuibiana. Kila mmoja alikaa kwenye dawati lake, msimamizi akipita katikati yetu na viatu vyake vya mlio, na kila mmoja aliandika kwa kichwa chake alichofundishwa na mzee mmoja wa reli. Kwa miaka miwili mzee huyo alitufundisha aina za netiwaki za kompyuta. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta hata moja.

Jina lake silitaji. Kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli pale Voi, aliitwa Steshenimasta, na jina hilo halikumtoka hata baada ya kustaafu. Chuoni tulimwita Mwalimu. Mimi nilimjua kwa majina yote mawili, kwa sababu baba yangu alikuwa karani wa bohari ya reli na nyumba zetu zilitazamana, na baadaye nikakaa darasani kwake, safu ya pili, karibu na dirisha.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na alitembea kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa maji. Shati lake lilifungwa vifungo vyote mpaka kooni, hata katika joto la Februari. Saa yake aliivaa kwa ndani ya mkono, uso wa saa ukitazama mapigo ya damu, ili asilazimike kugeuza mkono anapoandika. Baada ya kustaafu aliendelea kwenda stesheni kila asubuhi. Alikaa kwenye benchi la abiria na kuandika katika daftari saa ambayo kila treni iliingia na saa ambayo ilitakiwa kuingia. Hakumpa mtu daftari hilo. Nilipomuuliza linafanya kazi gani, alisema, "Linaandikwa."

Neno lake lilikuwa "nirudie." Watoto wa landhi tulilijua kabla hatujajua kusoma. Alikuwa akimtuma mtoto dukani:

"Chumvi pakiti moja, mafuta ya taa chupa moja, kiberiti kimoja. Nirudie."

"Chumvi pakiti moja, mafuta ya taa chupa moja, kiberiti."

"Viberiti vingapi?"

"Kimoja."

"Anza upya. Chumvi pakiti moja..."

Mkewe, mwanamke wa Mahoo mwenye sauti ya kuchekesha watu hata akisema kitu cha kawaida, alitoka mlangoni siku moja mikono imejaa unga. "Baba, huyu mtoto atafika duka limefungwa. Mwache aende." Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tukicheza. "Nyinyi mnacheka. Mimi huku ndani sipakui chakula mpaka laini iwe kliya."

Laini kliya ilikuwa lugha ya kazi yake. Njia ya reli pale kwetu ilikuwa moja tu, na treni zikienda na kurudi juu ya chuma kile kile. Ili treni isikutane na nyingine, steshenimasta wa huku alimpigia wa kule, akamuuliza kama njia iko wazi, akajibiwa, akarudia jibu, akarudiwa tena. Baada ya hapo ndipo mashine nyekundu ya ofisini ilipotoa tokeni, kipande cha duara cha shaba, mfano wa kifuniko cha kopo, chenye majina ya stesheni mbili. Dereva alipewa tokeni ndani ya kimfuko cha ngozi chenye pete kubwa. Bila tokeni mkononi hasogezi gurudumu. Na tokeni moja ikishatoka, mashine za pande zote mbili hujifunga. Hazitoi ya pili mpaka ile ya kwanza irudishwe.

Watu wengi walidhani aliwahi kuona ajali, na kwamba ndiyo iliyomfanya awe vile. Pale landhi palikuwa na masimulizi mawili, moja la behewa la mkonge na jingine la toroli la mafundi wa njia. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza moja kwa moja.

"Hapana," alisema. "Miaka ishirini na sita sijaona hata moja. Ndiyo maana."

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa utaratibu katika kila jambo. Hakuvuka reli isipokuwa kwenye kivuko, hata pale ambapo hapakuwa na treni mpaka kesho yake. Lakini kila asubuhi, akienda chuoni kutufundisha, alipita kwenye tundu la fensi, akiinama na mkoba wake, mtu mzima wa nywele nyeupe, ili asizunguke hadi getini. Mkuu wa chuo alimkuta hapo mara moja.

"Mwalimu, na wewe?"

"Fensi haina ratiba," alijibu, akapangusa magoti.

Tena, mtu ambaye hakuvumilia kukatizwa alimkatiza mhubiri kanisani kumwambia kwamba saa ya ukutani imechelewa dakika nne. Kwenye kikao cha wazee wa kanisa hilo hilo alipendekeza kwamba asiyeshika kitabu cha nyimbo asiseme. Walijaribu. Kikao kilikwisha mapema kuliko vyote wanavyokumbuka, na mwenyekiti akasema wasijaribu tena.

Aliingiaje darasani ni jambo rahisi kueleza. Katikati ya miaka ya themanini chuo chetu kidogo cha ufundi kiliongezewa somo jipya, mawasiliano ya data. Silabasi ilikuja, kitabu kimoja kikaja, mwalimu hakuja. Kompyuta pia haikuja. Tulikuwa na picha ya kompyuta, imekatwa kwenye gazeti na kubandikwa juu ya ubao. Mkuu wa chuo aliwaza: ni nani hapa Voi amekaa na waya na ujumbe maisha yake yote? Akaenda kumkuta kwenye benchi la stesheni. Mzee aliomba kitabu, akakaa nacho wiki tatu, akakirudisha kikiwa na vipande vya karatasi kati ya kurasa. Akasema ameelewa, isipokuwa ukurasa mmoja.

Siku ya kwanza alitupa majina. Hakutaka kujifunza majina yetu ya nyumbani. Yeye alikuwa Voi na sisi tulikuwa stesheni. Mimi nilikuwa Maktau. Odhiambo, mtoto wa fundi wa injini aliyetoka magharibi, mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa Maungu. Mwanaisha, ambaye familia yake iliuza nguo karibu na msikiti na ambaye Kiswahili chake kilitufanya sote tuonekane tunajikwaa, alikuwa Mwatate.

"Netiwaki ziko za namna nyingi," alisema, "lakini maswali ni mawili. La kwanza, ni mbali kiasi gani? La pili, waya umepitaje? Nirudieni."

Tulirudia.

"Nikikuita kwa mdomo ukaitika, hiyo ni netiwaki ya jengo. Nikituma mtu na baiskeli akarudi chai haijapoa, hiyo ni ya mji. Nikiandika barua, na jibu likifika nimesahau niliuliza nini, hiyo ni ya nchi kwa nchi."

Odhiambo aliinua mkono. "Mwalimu, na nikimwandikia mjomba Kisumu asijibu kabisa?"

"Hiyo si netiwaki. Huyo ni mjomba. Kaa chini, Maungu."

Kuhusu namna waya unavyopita, alileta kamba za mkonge. Shamba la mkonge lilikuwa hapo hapo, na kamba ndicho kitu ambacho chuo kiliweza kupata bila kuandika barua. Kwa netiwaki ya nyota alisimama katikati ya uwanja, akajifunga kiunoni ncha kumi na nne za kamba, na kila mmoja wetu akashika ncha ya upande wake. Mwatate akitaka kusema na Maungu anavuta kamba yake, Mwalimu anauliza "Unataka nani?", halafu anavuta ya Maungu. Tulifanya hivyo kwa nusu saa. Kisha akafumba macho na kuinamisha kichwa.

"Mwalimu?"

Mwanaisha akavuta kamba. Akavuta tena.

"Nimekufa," alisema bila kufumbua macho. "Sasa Mwatate ataongeaje na Maungu?"

"Hawezi, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa wewe ndiwe uliyekufa, na sote tumepitia kwako."

"Andikeni hivyo hivyo. Ila msiandike nimekufa. Andikeni kituo cha kati."

Kwa netiwaki ya duara alitukalisha mzingo, kamba moja ikipita mikononi mwa wote mpaka ikarudi ilikoanzia. Hapo ndipo alipofungua mkoba na kutoa tokeni. Ilikuwa tokeni ya kweli. Mashine za kipande kimoja cha njia zilikuwa zimebadilishwa, za zamani zikabaki bila kazi, na alipostaafu aliomba tokeni moja kama ukumbusho. Alipewa, pamoja na barua yenye mhuri inayosema ni yake kihalali. Barua hiyo aliiweka ndani ya kimfuko cha ngozi pamoja na tokeni, asije mtu akamwita mwizi.

Tokeni ilipita mkono kwa mkono. Mwenye tokeni anasema, akimaliza anampa wa pili yake. Asiye na kitu cha kusema anaipitisha. Odhiambo alijaribu kusema kabla haijamfikia.

"Nani ana tokeni?" Mwalimu aliuliza.

"Maktau, Mwalimu."

"Basi wewe ni behewa lililoachwa. Nyamaza."

Miaka mingi baadaye nilifanya kazi na watu waliosoma ng'ambo. Sijakutana na aliyeielewa netiwaki ya duara kama tulivyoielewa sisi tuliokaa kwenye vumbi lile tukipitisha shaba yenye joto la viganja vya watu.

Taabu ilikuja na netiwaki ya tatu. Hii waya wake ni mmoja, umenyooka, na mashine zote zimening'inia humo. Alinyoosha kamba kutoka mlango wa darasa mpaka ukuta wa choo, tukasimama kando yake. Kitabu alikishika Odhiambo, maana siku hiyo ilikuwa zamu yake kusoma. Alisoma kwa Kiingereza, akatafsiri mwenyewe.

"Inasema hapa mashine inasikiliza kwanza. Ikisikia kimya, inasema. Mbili zikisema pamoja, maneno yanagongana. Zote zinanyamaza, kila moja inangoja muda wake, halafu zinajaribu tena."

"Zinajaribu tena nini?" Mwalimu aliuliza.

"Kusema."

"Baada ya kugongana."

"Ndiyo. Hata zikigongana mara nyingi. Inasema ni kawaida."

"Na mabehewa?"

"Mwalimu, hapa hakuna mabehewa. Ni maneno tu."

"Maungu, wewe hujawahi kubeba maneno," mzee alisema. Akaanza kuikunja kamba kutoka upande wa choo, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, mpaka akafika mlangoni. "Ukurasa huo tunauruka. Mtu aliyeandika kwamba kugongana ni kawaida hakuwa na njia moja ya kuitunza. Hata kwenye waya ulionyooka tokeni inaweza kupita. Inatoka wa kwanza mpaka wa mwisho, inarudi. Andikeni."

Akatusomea sentensi, nasi tukaandika: Katika netiwaki ya waya mmoja migongano haiwezi kutokea, kwa sababu hakuna mashine inayosema bila kushika tokeni.

"Nirudieni."

Tulirudia kwa sauti moja. Tulirudia kila Jumatatu mpaka mtihani ulipokuja. Mtihani ulipouliza mashine hufanya nini maneno yanapogongana kwenye waya mmoja, kumi na nne tuliandika kwamba hayagongani.

Matokeo yalipobandikwa, majina yetu yalikuwa na mistari mbele yake badala ya alama. Barua iliyoambatana ilitaka chuo kieleze jinsi watahiniwa wote walivyopata jibu moja lisilo sahihi kwa maneno yale yale. Mpaka maelezo yafike, hakuna cheti.

Nilikuwa nimeahidiwa kazi Mombasa, katika ofisi ya kiwanda, nikianza mwezi uliofuata, kwa sharti nifike na cheti. Kama sikuwa nacho, kulikuwa na shamba la mama kule Wusi, matuta ya mahindi kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili. Odhiambo alikuwa katika hali mbaya zaidi. Alikuwa ameshawaambia nyumbani kwamba amepita, na mbuzi akachinjwa.

"Mbuzi ameliwa," alituambia. "Sasa niwaambie nini? Mzee wa tokeni ametuzuia stesheni na nyama iko tumboni?"

Mkuu wa chuo aliona njia rahisi. Alimwita Mwalimu ofisini, mlango ukabaki wazi, nasi tulikuwa barazani tukijifanya tunasoma matangazo.

"Mwalimu, andika tu kwamba ulikosea. Mstari mmoja. Watoto wapate vyeti vyao."

"Nikiandika nilikosea, na wao watakuwa wamekosea."

"Si wamekosea?"

"Wameandika nilichowaambia. Ujumbe umefika kama ulivyotumwa. Huko kwetu hiyo haiitwi kosa."

"Huku si reli, Mwalimu."

"Nimeona," alisema, akatoka. Alipita katikati yetu bila kututazama, akashuka mpaka kwenye tundu la fensi.

Wiki mbili zikapita bila maelezo yoyote kwenda. Alifundisha darasa la chini yetu kama kawaida. Asubuhi alikuwa stesheni na daftari lake. Mwanaisha alikwenda kumsihi, akarudi akisema, "Kanikirimu chai, kanisikiliza mpaka mwisho, kanirudia maneno yangu yote kama yalivyo, kisha hakunijibu." Odhiambo hakwenda. Alisema akienda atasema maneno ambayo mama yake atayasikia mpaka Kisumu.

Mimi nilikwenda Jumamosi, saa za mchana. Mkewe alikuwa akipepeta mchele uani. "Yuko ndani," alisema. "Ukimtoa huko nitakupa kuku."

Alikuwa mezani, karatasi nyeupe mbele yake, kalamu juu yake, zimewekwa sambamba. Tokeni ilikuwa pembeni.

"Maktau."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa. Kuna kitu sijakuambia."

Akangoja. Kungoja kwake kulikuwa kwa mtu aliyefanya kazi ya kungoja.

"Ule ukurasa tulioruka, niliusoma. Niliomba kitabu kwa Maungu kabla ya mtihani, nikausoma mara tatu. Jibu la kitabu nilikuwa nalijua. Niliketi pale nalijua, na nikaandika la kwako."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimepanga jibu njiani, kitu kuhusu heshima. Halikutoka.

"Kwa sababu ulisema nirudie," nilisema.

Aliichukua tokeni, akaigeuza upande wa majina, akaigeuza tena. Nilikuwa nimemjua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi, na hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona akianza sentensi na kuiacha. Alisema, "Mtu akikurudia neno, wewe huwa unadhani..." Baadaye akasema niende, na nimsalimie baba.

Jumatatu yake watu walimwona posta. Alikuwa na bahasha, na alikuwa na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kamba ya mkonge, fundo la chini likiwa lile alilotufundisha kufungia ncha za netiwaki. Karani wa posta, jirani yetu, alisema kifurushi kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana. Ndani ya wiki hiyo Mwalimu aliacha kufundisha. Mkuu wa chuo aliniapia kwamba hakumfukuza. Nilimuuliza kama aliiona barua. Alisema ililetwa ofisini kupigwa mhuri ikiwa imeshafungwa, na yeye hakuthubutu kumwambia mtu yule afungue.

Kabla ya mwezi kwisha matokeo yaliachiliwa. Swali lile tulipata sifuri wote. Kwa mengine tulipita wote kumi na wanne. Odhiambo alisema mbuzi sasa amelala vizuri. Nilifika Mombasa siku mbili kabla ya kuanza kazi, na kwa muda mrefu sikuuliza zaidi.

Kilichonirudisha kwake ni kitabu kingine. Kiwandani walileta mitambo mipya inayoongozwa na kompyuta, nami nikapewa vitabu vyake nivipange. Katika kimoja nilikuta maelezo ya netiwaki ya waya mmoja ulionyooka ambamo mashine hupitishiana tokeni, na isiyo na tokeni haisemi. Ilitengenezwa kwa ajili ya viwanda, mahali ambapo ujumbe ukichelewa kitu huharibika. Nilisoma nimesimama. Ilikuwa sentensi yetu ya Jumatatu, isipokuwa kwamba neno "netiwaki ya waya mmoja" lingepaswa kuwa "aina moja ya netiwaki ya waya mmoja." Mwalimu hakuwa amekisoma kitabu hicho. Asingeweza. Aliyafikia mambo hayo akiwa kwenye benchi la stesheni ya Voi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilipata likizo, nikapanda gari mpaka Taveta, nikatembea hadi Mahoo, kwenye shamba la mkewe walikohamia. Shamba lilikuwa la migomba na mahindi, na maji yalikuja kwa mfereji uliopita mashamba tisa, moja baada ya jingine. Nilimkuta amesimama kwenye mfereji, suruali imekunjwa, vifungo vya shati vyote vimefungwa. Mkononi alikuwa na kipande cha mpini wa jembe, kimechongwa na kupakwa rangi nyekundu.

Sikuhitaji kuuliza ni nini. Mwanamke wa shamba la chini alikuwa akimpigia kelele kutoka kwenye migomba.

"Babu! Kijiti kiko wapi? Mahindi yangu yanakufa!"

"Kiko kwangu. Bado dakika saba."

"Dakika saba! Nafungua maji sasa hivi!"

"Fungua. Wa juu naye atafungua, na wa juu yake. Mtakunywa matope wote."

Mwanamke akacheka kwa hasira, akakaa chini kungoja. Mwalimu alitazama saa yake kwa ndani ya mkono, kisha akanitazama mimi.

"Maktau. Umechelewa."

Nilimweleza nilichosoma. Nilimweleza polepole, kwa mpangilio aliotufundisha, kwanza umbali, kisha waya unavyopita. Nilitegemea aseme nirudie. Hakusema. Aliuliza, "Kwa hiyo iko?"

"Iko, Mwalimu. Viwandani."

"Na ile ya kugongana?"

Nilitaka kumdanganya. "Ile ndiyo inayotumika zaidi. Maofisini kote. Ni rahisi zaidi."

"Zinagongana, zinangoja, zinajaribu tena."

"Ndiyo."

"Na inafanya kazi."

"Vizuri sana."

"Maneno tu," alisema. "Maungu alisema ni maneno tu." Dakika zake zikaisha. Aliziba mlango wa maji kwa tope na kipande cha mgomba, akatembea mpaka mpakani na kumpa yule mwanamke kijiti mkononi, hakumrushia. "Nirudie saa yako," alimwambia. "Ah, Babu, wee nenda!" mwanamke alisema, lakini akaitaja saa.

Tukielekea nyumbani nilimuuliza kuhusu barua. Nilimuuliza wazi: uliandika kwamba ulikosea, au uliandika kwamba hukukosea?

Alitembea hatua kadhaa.

"Tokeni imerudi?" aliuliza.

"Tokeni gani?"

"Ile. Niliwapelekea pamoja na barua, waishike mkononi ndipo wasome. Mstari wa mwisho niliandika wakimaliza wairudishe."

"Huku haijafika?"

"Ningekuuliza?"

Nilirudi Mombasa nikawaandikia watu wa mitihani barua tatu na kuwapigia simu mbili. Nilipata mtu mmoja aliyesema anakumbuka kusikia habari za kipande cha shaba kilichokuwa kikitumiwa kushikilia karatasi zisipeperuke mezani kwa bosi, lakini bosi huyo alikuwa amehama, na hakujua ni kipande hicho au kingine. Barua yenyewe hakuna aliyewahi kuniambia aliiona. Vyeti vyetu kumi na vinne viko ukutani katika nyumba kumi na nne. Tokeni haijarudi, na kwa kanuni aliyotufundisha, njia ile bado ina treni.